Chumba cha kumi kwa kumi, magurudumu sita

Kazi huanzia kwenye herufi. Mnunuzi huelekeza kifaa cha hewa ya moto kwenye boneti, mfano wa kile cha kukaushia nywele saluni ila chenye joto kali zaidi, na stika zinazosomeka AMBULANCE kinyumenyume zinaanza kulegea pembeni. Ziligeuzwa makusudi, ili dereva aliye mbele azisome sawasawa kwenye kioo chake na kupisha njia. Sasa hakuna wa kupisha. Herufi zinabanduka moja moja, lakini rangi iliyokuwa chini yake haijaonja jua kwa miaka kumi, kwa hiyo neno linabaki palepale, jeupe juu ya weupe uliofifia. Atapiga msasa, atapaka rangi mpya. Na bado jioni, jua likipiga kwa upande, jina la zamani litasomeka.

Ndivyo magari ya wagonjwa yaliyostaafu yanavyoanza maisha ya pili huko Marekani. Yanauzwa mnadani, yanavuliwa ving'ora na vimulimuli, kisha yanawekwa godoro, jiko na tangi la maji. Wanaoyanunua ni wa kila namna: vijana wanaotaka kuzunguka nchi kabla ya kutulia, wastaafu ambao pensheni haifiki mwisho wa mwezi, vibarua wa msimu wanaofuata mavuno na maghala, na watu waliochoka kumfanyia kazi mwenye nyumba.

Ukipima boksi la gari kubwa la aina hiyo, utapata urefu wa futi 12 hadi 14 na upana wa futi saba na nusu hivi. Mpangaji yeyote wa Manzese au Kawangware anakijua chumba hicho: ni kumi kwa kumi. Tofauti ni kwamba hiki kina injini mbele na magurudumu sita chini, mawili mbele na manne nyuma.

Je, ni makazi ya bei nafuu kweli? Wahenga walisema rahisi ni ghali. Nimeipitia hesabu ya jambo hili kipengele kwa kipengele, na nimeona kwamba methali hiyo ni kweli kwa nusu ya gari hili na si kweli kwa nusu nyingine. Kuta, paa na nyaya ni rahisi kwa sababu mtu mwingine alikwishavilipia. Kinachobaki ghali ni injini, pamoja na kile ambacho gari halikuwahi kuwa nacho.

Lilitoka kwenye jeneza

Boksi hilo halikuzaliwa imara. Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti iliyowashtua wengi: ajali za kila aina zilikuwa zimeua watu 107,000 nchini humo katika mwaka 1965 pekee, na karibu nusu ya huduma za kubeba wagonjwa zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa mazishi. Sababu ilikuwa nyepesi. Gari la kubebea jeneza ndilo lililokuwa refu kiasi cha kulaza mtu. Asubuhi lilimwahisha mgonjwa hospitali, jioni likampeleka marehemu makaburini. Ndani yake mhudumu hakuwa na nafasi ya kunyoosha mgongo, achilia mbali kumfufua mtu.

Baada ya hapo serikali iliingilia kati. Mwaka 1974 yalitoka masharti ya ununuzi yaliyopewa namba KKK-A-1822, na gari likabadilika sura. Lilitakiwa liwe jeupe lenye mstari wa rangi ya chungwa, liwe na nafasi ya mhudumu kufanya kazi pembeni mwa machela, taa za kutosha, umeme wa kutosha na benchi linaloweza kulaza mgonjwa wa pili. Alama ya msalaba wa rangi ya chungwa iliyokuwa ikitumika ililalamikiwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani kwa kufanana mno na yao. Ndipo Leo Schwartz, ofisa wa mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, alipochora nyota ya buluu yenye mikono sita, katikati yake fimbo iliyozungukwa na nyoka. Kila mkono ni hatua moja ya kumwokoa mtu, tangu kugundua ajali hadi kumkabidhi kwa daktari.

Masharti hayo ndiyo yanayomnufaisha mnunuzi wa leo. Kiwanda huchukua chesisi ya Ford au Chevrolet na kuifungia nyuma yake boksi la alumini lililochomelewa kila kona. Boksi hutengenezwa kwa kudumu kuliko chesisi inayolibeba, kiasi kwamba idara nyingi za zimamoto zinazomiliki magari hayo zikichakaza injini hulifungua na kulihamishia kwenye chesisi mpya. Lisipohamishwa, linakwenda mnadani pamoja na injini yake. Gari jipya la aina hiyo siku hizi huvuka dola 200,000. Mnadani, likiwa na umri wa miaka 10 au 15, unaweza kulipata kwa dola 4,000, kwa 6,000, au kwa 10,000 ikiwa watu wamelipigania.

Fungua mlango wa nyuma

Simama nyuma ya gari, fungua milango miwili. Mbele yako kuna sakafu moja isiyo na kiungo, iliyopandishwa kidogo ukutani pande zote ili damu na matapishi visafishwe bila kujificha penye kona. Kushoto ni ukuta mzima wa makabati ya alumini yenye vioo vya plastiki vya kusukuma. Kulia ni benchi refu lenye mto wa ngozi bandia. Inua mto, chini yake ni sanduku. Mwisho kabisa, karibu na dereva, ni kiti cha mhudumu kinachotazama nyuma, pale alipokuwa akikaa kichwani mwa mgonjwa. Juu, katikati ya dari, reli ya kushikilia inapita toka mlangoni hadi mbele.

Kila kitu hapo kina kazi mpya. Benchi lililotengenezwa kulaza mtu mzima ni kitanda tangu usiku wa kwanza, kabla hujapiga hata msumari. Ukilipanua kwa ubao wa kukunja unapata kitanda cha wawili. Makabati ya dawa yanakuwa ya vyombo na nguo, na vioo vyake vya plastiki haviruhusu vitu kudondoka gari likikata kona, maana ndivyo vilivyotengenezwa. Kwenye reli ya dari zinaanikwa taulo. Nje, ubavuni, kuna makabati mengine yenye milango yake na funguo zake: yalibeba mbao za kufungia waliovunjika migongo, sasa yanabeba viti vya kukunja, spana na jeki. Moja ni refu na wima. Humo ulikaa mtungi mkubwa wa oksijeni, na kwa kuwa mara nyingi kabati hilo lina matundu ya kupitisha hewa, wengi huweka mtungi wa gesi ya kupikia baada ya kuziba kila upenyo unaoingia chumbani.

Kabla ya hayo yote kuna siku mbili za usafi, na hizo hazina mkato. Vaa glavu nene, washa tochi, toa kila droo, chungulia chini ya benchi na kwenye viungo vya makabati. Sindano hupenda kuanguka mahali ambapo mkono haufiki. Kisha ni sabuni na maji, halafu jiki iliyochanganywa na maji mengi, halafu kusuuza mara mbili kwa sababu jiki ikiachwa hula alumini. Jambo jema ni kwamba hakuna zulia, hakuna mbao na hakuna kitambaa kilichonyonya kitu. Chumba chote kilijengwa ili kioshwe.

Hapo ndipo gari la wagonjwa linapolishinda basi la shule, ambalo nalo wengi hulinunua kwa kazi hiihii. Basi ni refu na la bei poa, lakini ukishang'oa viti unabaki na bomba la bati. Povu la kuzuia joto, makabati, nyaya, yote ni juu yako. Kwenye gari la wagonjwa kazi ya miezi mitatu imekwisha kufanywa na mafundi waliobobea, na bili yake ililipwa na walipa kodi wa kaunti fulani.

Soma saa kabla ya maili

Sasa twende mbele, kwenye boneti, ambako methali ya wahenga inarudi na nguvu zake zote.

Tangazo la mnada litasema gari limetembea maili 90,000 tu. Mnunuzi mgeni atashangilia, kwani dizeli kubwa ya Marekani hufika maili 300,000 ikitunzwa. Anachosahau ni jinsi gari la wagonjwa linavyoishi. Linasimama penye ajali injini ikiunguruma. Linasimama mlangoni mwa hospitali injini ikiunguruma. Linasubiri simu ya dharura pembeni mwa barabara, injini ikiunguruma, kwa sababu kiyoyozi, redio na vifaa vya umeme havitakiwi kuzimika. Mafundi wetu huuita mwendo huo wa injini sailensa. Maili hazisogei, lakini pistoni zinapanda na kushuka.

Ford yenyewe, katika kupanga ratiba za matengenezo, huhesabu saa moja ya sailensa kama maili 25 hadi 33 za barabarani, kutegemea injini. Tuseme gari letu la maili 90,000 lina saa 8,000 kwenye mita ya saa, na kati ya hizo 5,000 lilikuwa limesimama. Zidisha kwa 25: ni maili 125,000 ambazo dashibodi haikuzionyesha. Injini unayoinunua ina uzee wa maili 215,000. Bado si mzoga, lakini si kigori.

Injini nayo ina jina lake mitaani. Magari mengi ya minada hiyo ni Ford ya mfululizo wa E, na mpaka 2003 yalifungwa dizeli ya lita 7.3 ambayo sifa yake ni uvumilivu. Iliyofuata, ya lita 6.0, ilitumika kwenye magari hayo mpaka 2010, na imewatia hasara wengi: kipozea oili huziba, kipozea moshi hupasuka, na mwisho wa yote gasketi ya silinda hedi inapuliza. Mwenye kujua huuliza kwanza mwaka wa gari, pili saa, tatu kitabu cha matengenezo. Hilo la tatu ndilo faida kubwa ya kununua gari la umma. Idara ya zimamoto haiwezi kumwambia mgonjwa kwamba gari limegoma, kwa hiyo oili ilibadilishwa kwa tarehe, na karatasi zipo.

Aliyewahi kusoma matangazo ya minada ya magari chakavu ya serikali huku kwetu atakumbuka sentensi ileile: gari litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Sheria ya huko ni hiyohiyo. Nyundo ikigonga, kila kinachovuja ni chako.

Nyaya nene kama kifundo cha mkono

Nyuma ya kiti cha dereva kuna kabati dogo lisilopendeza. Lifungue. Kuna fyuzi, rilei na fungu la nyaya nene kama kifundo cha mkono. Mtu wa kawaida akiona hivyo hushika koleo na kukata. Ni kosa linalogharimu kuliko mengine yote.

Mafundi wenye busara hufanya hivi. Wanakaa na karatasi, kalamu na gundi ya karatasi. Wanawasha swichi moja, wanazunguka gari kuona kilichowaka, wanaandika. Wanazima, wanakwenda ya pili. Nyaya zenyewe husaidia, kwa sababu viwanda huchapisha namba na kazi ya kila waya juu ya ngozi yake, kila baada ya sentimita chache. Baada ya siku moja una ramani. Ving'ora unavitoa, vimulimuli unavitoa, lakini taa za dari, feni ya kutoa hewa, taa za pembeni za kumulika nje, plagi na mahali pa kuchomekea umeme wa jengo vinabaki, na vinafanya kazi kama siku ya kwanza. Altaneta inayozalisha zaidi ya ampea 200 itachaji betri zako za nyumbani ukiendesha gari saa moja tu.

Hesabu ya umeme wa nyumba hii haitaki shahada. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 kwa volti 12.8 inabeba wati-saa 1,280. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hula kama wati-saa 500 kwa siku. Kwa hiyo betri moja inaibeba friji siku mbili na zaidi bila jua. Weka paneli za wati 300 juu ya paa, ambalo ni bapa na linakanyagika, na kwenye mji wenye jua hutamtafuta mtu wa umeme.

Joto na baridi vina mtego wake. Gari lina hita kubwa na kiyoyozi kikubwa, ila vyote vinaendeshwa na injini. Ukizima gari, unalala ndani ya sanduku la alumini, na alumini hupitisha baridi kama sufuria inavyopitisha moto. Usiku pumzi ya mtu mmoja hutoa maji ya kutosha kikombe kizima, na maji hayo yakikutana na fremu baridi yanageuka matone, matone yanageuka ukungu nyuma ya kabati. Dawa zake ni tatu: feni ya paa iliyo wazi kidogo hata wakati wa baridi, kitambaa au ubao juu ya kila chuma kilicho uchi, na hita ndogo ya dizeli inayovuta mafuta kutoka tangi la gari, robo lita hivi kwa saa. Penye hita na jiko la gesi pawe na king'ora cha kugundua kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu, na chumba hiki hakina dirisha linalopitisha upepo wa kukuamsha.

Na usipige skrubu ya chuma moja kwa moja kwenye alumini. Unyevu ukiingia kati ya metali hizo mbili, alumini inaliwa taratibu kuzunguka tundu, na baada ya misimu miwili kabati linaning'inia. Tumia riveti, au skrubu isiyoshika kutu yenye kizuizi katikati.

Ramani ya matumizi

Tujumlishe. Gari dola 6,000. Tairi sita, ambazo karibu kila mara zinahitaji kubadilishwa kwa sababu zimezeeka zikiwa zimesimama, dola 1,200 na kuendelea. Betri, paneli na vidhibiti, 1,500. Friji, hita, pampu ya maji, jiko na choo cha kubebeka, 1,500. Mbao, godoro, rangi na vitu vidogo, 800. Weka akiba ya 2,000 kwa ajili ya injini, maana itadai. Jumla ni dola 13,000. Gari-nyumba jipya la kiwandani lenye nafasi hiyohiyo hupita dola 100,000 bila shida, na kodi ya nyumba ya chumba kimoja katika miji mingi ya Marekani ni zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi. Kwa lugha ya mpangaji, umelipa kodi ya mwaka mmoja na kidogo, na nyumba ni yako.

Halafu washa injini. Gari zito la namna hii hutembea maili 10 hadi 14 kwa galoni, yaani kilomita nne hadi sita kwa lita. Ukisafiri maili 10,000 kwa mwaka kwa wastani wa maili 12 kwa galoni, unateketeza galoni 833. Galoni ikiuzwa dola nne, ni zaidi ya dola 3,300. Hapo ndipo siri ya nyumba hii ilipo: ni rahisi ikiwa imesimama. Ikianza kutembea, nayo inadai kodi yake.

Karatasi nazo zinakula. Majimbo hutaka vimulimuli vya dharura na king'ora viondolewe au vifunikwe, pamoja na maandishi yanayoweza kumdanganya mtu. Sheria hiyo ina utu ndani yake, kwa sababu aliyepata ajali usiku akiona gari jeupe lenye nyota ya buluu hukimbilia kulisimamisha, na ndani anamkuta mtu anayekaanga mayai. Ukitaka kubadilisha kadi ya gari isomeke makazi badala ya gari la wagonjwa, mkaguzi huuliza kitanda kiko wapi, jiko liko wapi, maji yako wapi. Bila kadi hiyo kampuni nyingi za bima hazikusikilizi.

Uingereza, ambako magari yanayostaafu zaidi ni Mercedes Sprinter na Fiat Ducato, vikwazo ni vingine. Kanuni za taa za magari za mwaka 1989 zinakataza taa za buluu kwenye gari lisilo la dharura. Aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia Januari 1, 1997 haruhusiwi kwa leseni ya kawaida kuendesha gari la zaidi ya tani 3.5, na maboksi makubwa ya Sprinter huvuka hapo. Na tangu Agosti 29, 2023, London nzima ni eneo la kudhibiti moshi, ambako gari la dizeli la zamani hulipishwa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea.

Nyumba bila kiwanja

Mwaka 1995, mjini Anchorage, Alaska, mfanyakazi wa duka la vyakula aitwaye Bob Wells alitalikiana na mkewe. Alipomaliza kutoa sehemu ya mshahara kwa ajili ya familia, kilichobaki hakikutosha kodi ya nyumba na chakula. Akanunua lori dogo la boksi kwa dola 1,500, akatandika godoro nyuma, akahamia. Halikuwa gari la wagonjwa, lakini wazo ni lile. Ameeleza kwamba usiku wa kwanza alilia. Baadaye akawa mwalimu wa maelfu ya watu waliofuata njia hiyo, na mwandishi Jessica Bruder alimweka ndani ya kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017. Filamu iliyotokana na kitabu hicho, iliyoongozwa na Chloé Zhao, ilitwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2021, na Wells anaonekana humo akiigiza kama yeye mwenyewe.

Wanaoishi hivyo hukusanyika kila majira ya baridi Quartzsite, jangwani Arizona, kwenye ardhi ya serikali kuu. Kuna maeneo maalumu ambako kibali cha msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, kwa miaka mingi kiliuzwa dola 180. Hiyo ndiyo iliyokuwa kodi ya nyumba ya miezi saba. Nje ya maeneo hayo, kwenye ardhi kubwa ya umma, mara nyingi unaruhusiwa siku 14 tu, kisha uhame. Na kuhama, tumekwishaona, ni mafuta.

Mjini ni vigumu zaidi. Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass wa Oregon kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala na kupiga kambi maeneo ya umma, hata kama hawana pengine pa kwenda. Mwaka huohuo hesabu ya serikali iliyofanyika Januari ilikuta watu 771,480 wasio na makazi nchini humo, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze. Wengi wa wanaolala kwenye magari hawana paneli za sola wala picha za machweo. Wana gari dogo, blanketi, na polisi anayegonga kioo saa nane usiku.

Hata anuani inakuwa kazi. Benki inataka anuani, leseni inataka anuani, kura inataka anuani. Ndiyo maana wengi hujiandikisha South Dakota, ambako kampuni za kupokea barua hukodisha anuani na jimbo huwapa leseni wakaazi wa namna hiyo. Mtu analala Arizona, anafanya kazi Nevada, lakini kwenye karatasi ni mkaazi wa mji ambamo amelala usiku mmoja.

Na kwetu je

Huku Afrika Mashariki gari la wagonjwa la kawaida ni Toyota Land Cruiser ndefu ya mfululizo wa 78, nyingi zikiwa na injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita ya lita 4.2 ambayo fundi wa Sumbawanga anaifungua akiwa amefumba macho. Wazungu wanaosafiri kwa barabara kutoka Cairo hadi Cape Town wanalipenda gari hilohilo kuliko lolote. Hulitoboa paa, huliwekea hema la kuinuka, na kulala ndani yake miezi sita. Gari tunalolijua kwa machela na vumbi, wao wanalijua kwa kitanda na jiko.

Kinachotutofautisha ni mahali gari linapofia. La Marekani hustaafishwa likiwa bado linatembea. La kwetu hupelekwa mpaka linapogoma, kisha linawekwa juu ya mawe nyuma ya hospitali, majani yanaota hadi kwenye boneti, na likifika mnadani linauzwa kwa kilo. Lingeuzwa mapema, likiwa na pumzi, lingeweza kuwa zahanati ya kutembea, duka la dawa za mifugo, maktaba ya shule za mbali au banda la mama lishe lenye paa na maji. Makabati yapo, taa zipo. Anayehusika na orodha ya mali chakavu katika halmashauri yoyote na aipe tarehe ya kuuza uzito uleule anaoipa tarehe ya kununua.

Na wewe msomaji uliyeanza kuota nyumba ya magurudumu, iwe ni kijana unayesoma Minnesota au mstaafu mwenye kiinua mgongo Morogoro, kabla hujanyoosha mkono mnadani uliza maswali mawili. La kwanza ni injini ina saa ngapi. La pili ni gari litalala wapi, kwa ruhusa ya nani, na kwa muda gani. La kwanza fundi atakujibu kwa dakika tano. La pili usipokuwa na jibu lake, ulichonunua bado ni gari.